Kazi Isiyokatika: Jinsi Kampuni Kubwa za Ujenzi Zinavyokua na Hesabu Tunayoikosa Lindi na Mtwara

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260 uliokabidhiwa kwa China Harbour, kampuni inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, CHEC. Vijiweni, kuanzia Kilwa hadi Mtwara, mazungumzo kuhusu kampuni za aina hii huishia kwenye mambo mawili: wana hela na wana mitambo. Yote mawili ni kweli. Lakini hela na mitambo vilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kazi iliyofuatana kwa zaidi ya miaka 25 bila kukatika, na malipo yaliyofika kwa wakati. Kusini hatutapata mkandarasi wetu mkubwa kwa njia nyingine, na namna tunavyotoa na kulipa kazi leo inawamaliza makandarasi wadogo kabla hawajapanda daraja la usajili.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Tunaposema "Wachina wanajenga" tunachanganya kampuni nyingi zinazogombania zabuni zilezile. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720 na lililozinduliwa Mei 2010, lilijengwa na China Geo-Engineering. Bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa na kampuni za kundi la mafuta la CNPC. Kiwanda cha saruji cha Dangote kule Msijute, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, ni kazi ya Sinoma, ambao ujenzi wa viwanda vya saruji ndiyo shughuli yao dunia nzima. Gati jipya la mita 300 katika bandari ya Mtwara lilijengwa na kampuni za kundi la China Railway. CHEC wa Kilwa ni tawi la kundi jingine kabisa, China Communications Construction Company, yaani CCCC, ambalo kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa makandarasi watano wa juu duniani kwa mapato ya kazi za nje ya nchi yao.

Huyu wa mwisho ndiye anayefaa kuchambuliwa, kwa sababu historia yake inaonyesha hatua moja baada ya nyingine. China Road and Bridge, ndugu yake CHEC, ilianzishwa mwaka 1979 kutokana na ofisi ya Wizara ya Mawasiliano ya China iliyokuwa ikisimamia ujenzi wa misaada nje ya nchi. CHEC ilifuata mwaka 1980. Ndiyo njia hiyohiyo iliyoizaa CCECC, kampuni nyingine ya ujenzi ya China, iliyotokana na ofisi ya misaada ya Wizara ya Reli, ile iliyohusika na reli ya TAZARA, kilometa 1,860, kati ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hiyo kampuni hizi hazikuanza na mtu mmoja na pikipiki yake. Zilianza zikiwa na wahandisi na mafundi waliokwisha kujenga nchi za watu kwa gharama ya serikali yao, waliokwisha kukosea na kujifunza.

Kisha soko la nyumbani likafunguka. Barabara ya kwanza ya mwendo kasi China bara ilifunguliwa mwaka 1988. Leo mtandao huo umepita kilometa 160,000. Bandari nazo zikajengwa moja baada ya nyingine pwani nzima. Timu iliyomaliza gati moja ilihamia gati linalofuata ikiwa na nyundo zilezile za kupigilia nguzo, mafundi walewale wa kuchomea na hesabu za bei za kazi iliyopita. Mwaka 2005 China Road and Bridge na CHEC ziliunganishwa kuwa CCCC, na Desemba 2006 hisa zake zikauzwa kwenye soko la Hong Kong. Hapo ndipo mtaji mkubwa ulipoingia, wakati kampuni tayari ilikuwa na miaka zaidi ya 25 ya kazi mfululizo.

Hatua iliyofuata ni kumiliki kila kinachohitajika kazini. Chini ya mwavuli wa CCCC kuna kampuni tatu kubwa za kuchimba kina cha bahari, za Tianjin, Shanghai na Guangzhou. Kuna ZPMC, iliyoanzishwa Shanghai mwaka 1992, inayouza kreni nyingi za kupakulia makontena kuliko mtengenezaji mwingine yeyote. Kuna ofisi za usanifu. Mwaka 2015 walinunua John Holland ya Australia. Mkandarasi wa namna hii akiomba zabuni ya bandari, meli ya kuchimba kina ni yake, kreni ni zake, mchoraji ni wake, na faida ambayo wengine humwachia mwenye mtambo wa kukodi inabaki ndani. Tian Kun Hao, meli yao ya mita 140 yenye meno ya kukata mwamba, inachimba meta za ujazo 6,000 kwa saa. Hakuna anayenunua chombo kama hicho kwa ajili ya mradi mmoja. Hununuliwa na mwenye uhakika wa miradi 20.

Sasa fedha, ambazo ndizo kiini cha jambo lote.

Kwenye miradi inayojengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, utaratibu wa kawaida ni kwamba benki inabeba asilimia 85 ya mkataba na nchi inayokopa inatoa 15. Sehemu ya benki kwa kawaida haipiti Hazina ya nchi inayokopa. Hati ya malipo ikishasainiwa na kila anayehusika, benki inamlipa mkandarasi moja kwa moja, huko huko kwao. Mikopo yenye masharti nafuu huambatana pia na sharti kwamba angalau nusu ya manunuzi yatoke China, na juu yake kuna bima ya serikali yao kwa hatari ya kutolipwa. Ukisoma masharti hayo kwa jicho la mkandarasi utaona jambo moja tu: huyu mtu hakoseshwi usingizi na mishahara ya wiki ijayo. Bomba letu la gesi lilijengwa kwa mkopo wa benki hiyo.

Kuanzia miaka ya 2010 CHEC walienda mbali zaidi, wakawa wawekezaji katika miradi wanayoijenga wenyewe. Jamaica walijenga barabara ya kulipia ya kaskazini hadi kusini, iliyokamilika mwaka 2016, kwa makubaliano ya kukusanya tozo kwa miaka 50. Nigeria wana zaidi ya nusu ya hisa za bandari ya kina kirefu ya Lekki, iliyofunguliwa Januari 2023. Ndugu zao wa China Road and Bridge waliojenga reli ya Mombasa hadi Nairobi wakaja kujenga barabara ya juu ya Nairobi ya kilometa 27 kwa mtindo wa kujenga, kutoza na kurudisha. Mkandarasi hujilipa faida ya ujenzi kwanza, halafu tozo inakuja. Kwa nchi isiyo na fedha taslimu hiyo ni nafuu, ila mkataba wa tozo wa miaka 30 au 50 unahitaji kusomwa na watu wenye uzoefu sawa na wa upande wa pili, na mara nyingi hatunao.

Ukuaji huu una madoa, na yasemwe wazi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliifungia China Road and Bridge kwa miaka 8 kwa udanganyifu kwenye zabuni za mradi wa barabara nchini Ufilipino, na mwaka 2011 kifungo hicho kikapanuliwa hadi kwa CCCC mama. Kilimalizika Januari 2017. Kwa muda wote huo kampuni iliendelea kukua, kwa sababu chanzo chake kikuu cha kazi hakikuwa Benki ya Dunia. Mwenye vyanzo vitatu vya kazi akifungiwa kimoja anatikisika. Mwenye kimoja anafunga ofisi.

Na ukubwa peke yake hauokoi. Carillion ya Uingereza ilianguka Januari 2018 ikiwa na wafanyakazi wapatao 43,000 duniani, madeni ya takriban pauni bilioni 7 na fedha taslimu pauni milioni 29. Ilikuwa imeshinda kazi kwa bei za chini mno, na ilikuwa ikiwalipa makandarasi wake wadogo baada ya siku 120. Yaani walikuwa wakiishi kwa pesa za watu waliowafanyia kazi. McDermott ya Marekani iliungana na CB&I Mei 2018, ikarithi mikataba ya mitambo ya gesi yenye bei isiyobadilika ambayo gharama zake zilishavuka makadirio, na Januari 2020 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. McDermott huyo alikuwa mmoja wa wabia watatu, pamoja na Saipem ya Italia na Chiyoda ya Japani, waliopewa kujenga mtambo wa gesi wa Afungi, karibu na Palma nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Baada ya wapiganaji wenye silaha kushambulia Palma Machi 2021, TotalEnergies, kampuni inayoongoza mradi huo, iliusimamisha Aprili mwaka huo. Mkandarasi wa kimataifa alihamisha watu wake akaenda kazi nyingine. Mfanyabiashara wa mji wa Pemba, hukohuko Msumbiji, aliyekopa kununua malori hakuwa na kazi nyingine ya kwenda.

Hilo ndilo linalonirudisha nyumbani. Tazama orodha ya kazi nilizotaja juu: daraja mwaka 2010, bomba na kiwanda mwaka 2015, gati la Mtwara baada ya hapo, uwanja wa ndege uliopanuliwa, sasa bandari ya Kilwa. Kwa anayetazama kutoka Dodoma, Kusini imekuwa na ujenzi mkubwa karibu muda wote. Kwa mkandarasi wa daraja la tano aliyeko Lindi (usajili huanzia daraja la kwanza, la wakubwa, hadi la saba, la wadogo kabisa), hiyo ni miradi iliyotengana kabisa. Kila mmoja ulikuwa na mkandarasi mkuu tofauti, kambi yake na namna yake ya kununua kokoto. Kazi ilipoisha waliondoka na kumbukumbu zote, na aliyewauzia mawe mwaka 2014 hakuwa na karatasi ya kumwonyesha aliyefuata. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilometa 210. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilometa 50, kilijengwa peke yake kuanzia mwaka 2017, na kilometa 160 zilizobaki zikasubiri fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Krasha, yaani mtambo wa kusaga kokoto, lililofungwa kwa ajili ya kilometa 50 haliwezi kukaa bila kazi miaka mitatu likimsubiri anayefuata. Linauzwa.

Tupige hesabu ya mkandarasi wa ndani, kwa tarakimu rahisi. Tuseme anafanya kazi ya shilingi bilioni 1 kwa mwezi, na gharama yake ni milioni 900, kwa hiyo faida ni milioni 100. Vibarua wanalipwa kila Jumamosi. Dizeli ni taslimu, hakuna kituo cha mafuta kinachokopesha lita 10,000. Saruji ni taslimu. Mwisho wa mwezi kazi inapimwa na hati ya malipo inaandaliwa. Kwa masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yanayotumika kwenye mikataba mingi mikubwa, msimamizi ana siku 28 za kutoa hati, na mwajiri anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56 tangu msimamizi apokee madai. Hadi hapo mkandarasi anavumilia. Lakini akikopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, zile milioni 900 zinamla milioni 12 kila mwezi. Malipo yakichelewa miezi 6, milioni 72 kati ya milioni 100 zimekwenda. Ikipita miezi 8 na siku chache, faida yote imekwisha na sasa anaanza kula mtaji. Na huo ni mwezi mmoja wa kazi tu. Wakati anausubiri, mwezi wa pili hadi wa nane nayo inahitaji milioni 900 kila mmoja. Huyu si mzembe, na kazi anaijua. Amefilisika kwa kumkopesha mwajiri wake.

Mkataba wa kawaida unampa haki ya riba kwa malipo yaliyochelewa. Wangapi wanaidai? Wachache sana, kwa kuogopa kukosa zabuni ijayo. Kampuni za kimataifa huidai kila mwezi, kwa barua, bila ugomvi, na huingizwa kwenye hesabu za mwisho.

Hapa kuna ufundi wa kampuni kubwa ambao hauonekani saiti, nao ni ofisi ya madai. Katika toleo la FIDIC la mwaka 1999, mkandarasi anayetaka muda au fedha za ziada lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio. Akichelewa, haki imepotea hata kama ukweli uko upande wake. Kampuni kubwa inaajiri mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Anaweka daftari la kila siku lenye hali ya hewa, idadi ya watu, mitambo iliyofanya kazi na iliyosimama, saini ya msimamizi na picha zenye tarehe. Mvua ikinyesha kupita kawaida, anaomba takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuzilinganisha na za miaka iliyopita, kwa sababu mvua ya Januari Mtwara ni jambo la kutarajiwa na haikupi siku hata moja. Inayokupa siku ni ile iliyovuka kiwango, na lazima uthibitishe. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, kila aliyekuwa na malori ya vifaa njiani alikuwa na sababu ya kuomba muda. Aliyeandika barua ndani ya siku 28 alikuwa na haki ya kusikilizwa.

Kanuni za Ununuzi wa Umma za mwaka 2024 zimetenga kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 kwa makandarasi wa ndani. Ni uamuzi mzuri na naunga mkono. Lakini fuata hesabu. Mkataba wa bilioni 50 ukidai dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10, hiyo ni bilioni 5. Malipo ya awali ya asilimia 15 ni bilioni 7.5, nayo hayatolewi bila dhamana ya kiasi hichohicho. Kabla toroli la kwanza halijasukumwa, mkandarasi anatakiwa awe na dhamana za bilioni 12.5, na benki inataka hati za mali. Nyumba ya Shangani, Mtwara, na shamba la mikorosho Tandahimba havifiki hata robo. Mfuko wa kusaidia makandarasi ulio chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi unawadhamini wadogo, na umewasaidia wengi, ila umetengenezwa kwa kazi ndogo. Kwa hiyo nafasi imetengwa, lakini mlango wa benki umebaki mwembamba, na wanaoingia ni walewale wachache wa Dar es Salaam.

Njia inayofaa zaidi kwa Kusini ni kupitia vipande vya kazi kubwa, na hapa inabidi kujua zege kwa undani.

Zege la baharini linahitaji, kwa kila meta ya ujazo, takriban kilo 400 za saruji, kilo 700 za mchanga, kilo 1,100 za kokoto na lita 160 za maji. Gati lenye meta za ujazo 10,000 za zege linameza mifuko 80,000 ya saruji na tani 11,000 za kokoto. Saruji ipo Msijute, tuna bahati. Kokoto ndiyo kazi. Mwamba wa pwani yetu ni wa matumbawe na chokaa: una vitundu, unanyonya maji, unasagika kirahisi na mara nyingi una chumvi ndani. Hautakiwi kwenye zege lenye nondo baharini. Mawe magumu yako bara, upande wa Masasi na Nachingwea, kwenye ile milima ya mawe inayoonekana ukikaribia mji wa Masasi. Kutoka Masasi hadi bandari ya Mtwara ni takriban kilometa 200. Tani 11,000 kwa semi ya tani 30 ni karibu safari 370. Malori 5 yakienda na kurudi mara moja kwa siku yanachukua zaidi ya miezi miwili, bila pancha na bila mzani kuwasimamisha. Na ukiingia Oktoba, msimu wa korosho, malori yanapanda bei kwa sababu kila mtu anataka kusomba magunia kwenda ghalani na bandarini. Mkandarasi mgeni hajui hilo hadi limkute. Wa hapa analijua, na angeweza kuuza ujuzi huo: kulimbikiza kokoto saiti kuanzia Juni hadi Septemba.

Mchanga nao una mitego. Wa ufukweni una chumvi na makombe, na chumvi ikishafika kwenye nondo, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana tabaka la zege linalofunika nondo baharini ni milimita 75, wakati kwenye nyumba ya kawaida ni 25 hadi 40. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo hata maji ya kuchanganyia na kumwagilia yanapimwa maabara. Makosa yanayorudiwa ni matatu: kibarua kuongeza maji ili zege lilainike, vibao vya kushikilia nondo kuvunjika bila mtu kuona, na kumwagilia kuachwa siku ya tatu badala ya ya saba. Hayo ni mambo ambayo mkandarasi wa daraja la tano anaweza kuyamudu kikamilifu akipewa kipande chake na kipimo chake.

Nguzo za gati ni habari nyingine. Kwenye mwamba wa matumbawe nguzo ya chuma inaweza kugoma ghafla, halafu mapigo machache baadaye ikazama meta 2 kwa kuwa imetoboa pango. Urefu uliokadiriwa kwenye orodha ya kazi hauendani tena na uliopo ardhini, na hapo unahitaji nguzo za akiba, nyundo ya pili na mhandisi wa miamba. Hiyo tuwaachie wenye uzoefu kwa sasa. Hakuna aibu katika kuchagua.

Ufundi wa kuchomea unahitaji kutazamwa kwa namna hiyohiyo. VETA Mtwara na Lindi zilianza mapema kuwaandaa vijana kwa ajili ya gesi, baadhi wakapata vyeti vinavyotambulika kimataifa. Tatizo ni kwamba sifa ya mchomeaji wa mabomba kwa viwango vya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, hufa akikaa miezi 6 bila kuchomea kwa njia aliyofuzu. Kijana aliyefaulu jaribio la bomba lililoinamishwa nyuzi 45, halafu akarudi kuchomea mageti ya nyumba Mkanaledi, mbele ya mkaguzi ni mtu asiye na sifa mpaka apimwe upya. Mradi wa gesi asilia ya kimiminika wa Likong'o, Lindi, wenye eneo la zaidi ya hekta 2,000 lililotengwa tangu mwaka 2016, umekuwa mezani miaka yote hii bila uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Huwezi kuwahifadhi wachomeaji ghalani mpaka uamuzi upatikane. Linganisha na kisiwa cha Curtis, Australia, ambako Bechtel ya Marekani walijenga mitambo mitatu jirani ya gesi ya kimiminika kwa kipindi kimoja, wakihamisha timu na ujuzi kutoka mtambo hadi mtambo. Aliyekosea kwenye wa kwanza alisahihisha kwenye wa pili akiwa bado anakumbuka.

Kwa hiyo kabla ya mkataba wowote mkubwa unaofuata, uwe wa Likong'o au wa bandari, ninayotaka kuyaona yameandikwa ni haya. Kazi za uzio, kambi, barabara za ndani, mitaro, kokoto na usafirishaji zigawanywe katika vipande vya shilingi bilioni 1 hadi 5, vyenye vipimo kamili, na vitangazwe Lindi na Mtwara kabla mkandarasi mkuu hajafungua kambi. Kifungu cha "nitakulipa nikilipwa" kipigwe marufuku: mdogo alipwe ndani ya siku 28 tangu kazi yake ipimwe, na mkandarasi mkuu asipewe hati yake inayofuata bila kuonyesha risiti za malipo kwa wadogo. Mwajiri awe na haki ya kumlipa mdogo moja kwa moja na kukata kwa mkubwa; FIDIC ina kifungu cha aina hiyo kwa makandarasi wadogo walioteuliwa na mwajiri, kinahitaji kupanuliwa kwa wote.

Ubia nao uandikwe kwa kazi. Siku hizi mkandarasi wa ndani anawekwa kwenye ubia kwa asilimia 10 ya makaratasi, anasaini, anapewa bahasha na kuambiwa asubiri. Mkataba useme ni sehemu gani anaongoza, kwa mafundi gani, kwa mitambo ipi, na msimamizi aithibitishe kila mwezi kwenye ripoti.

Na mkandarasi mdogo mwenyewe, asiondoke saiti bila hati ya ukamilishaji yenye jina la kampuni yake, kiasi cha kazi kwa vipimo, thamani, tarehe ya kuanza na kumaliza, na saini ya msimamizi. Zabuni inayofuata itamuuliza kazi mbili za aina hiyo na mauzo ya wastani ya kila mwaka. Meta za ujazo 1,500 za zege alizomwaga chini ya mgeni ni uzoefu halali kama zina karatasi. Bila karatasi, atarudi kuanza daraja la saba na watu aliowafundisha watakuwa wameshahamia kwa mwingine.

Serikali nayo ina sehemu yake ngumu kuliko zote, kwa sababu inagusa bajeti. Isisaini mkataba ambao fedha za hati za miezi 6 ya mwanzo hazipo. Ni afadhali kilometa 20 zinazolipwa kila mwezi kwa miaka 5 kwa makandarasi walewale, kuliko kilometa 100 zinazotangazwa kwa mbwembwe na kusimama mwaka wa pili. TANROADS na TARURA za mikoa hii miwili zina matengenezo kila mwaka, mvua ikiisha: makalvati, mitaro, changarawe, lami nyembamba. Mikataba ya matengenezo ya miaka mitatu hadi mitano, badala ya ya miezi michache inayotangazwa upya kila mwaka, ingempa mkandarasi wa Nachingwea sababu ya kununua greda lake na kubaki nalo, na ingeipa benki ya Masasi karatasi ya kukopeshea.